Kwangu na Kwetu: Marejeo ya Nyumbani katika Kazi Tatu za Ngugi wa Thiong'o

Kurudi nyumbani ni tukio linalojitokeza mara kwa mara katika fasihi ya Kenya, nalo aghalabu limesomwa kwa njia moja. Mhusika anatoka kizuizini, mjini au chuoni. Anakikuta kijiji kimebadilika. Na mhakiki analichukua badiliko hilo kuwa ishara ya taifa lililosalitiwa. Usomaji huo una haki yake, hasa kwa Ngugi wa Thiong'o, mwandishi ambaye hakuwahi kutenga simulizi na siasa. Upungufu wake ni kwamba unafanya haraka mno kutoka mlangoni kwenda bungeni. Kabla ya kuwa mwananchi, anayerudi ni mwana wa mtu na pengine mume wa mtu, na watu hao wanaomngoja, au waliokwisha kuchoka kumngoja, wana neno lao. Makala haya yanachunguza marejeo matatu ambayo Ngugi, aliyefariki mwezi Mei 2025, aliyaandika katika kipindi cha takriban nusu karne: hadithi fupi "The Return", aliyoiandika alipokuwa mwanafunzi wa Makerere na kuijumuisha katika Secret Lives (1975), riwaya ya A Grain of Wheat (1967), na kumbukumbu zake za ujana, In the House of the Interpreter (2012).

Kiswahili kina nyenzo nzuri ya kuchunguzia jambo hili. Mtu mzima husema "kwangu" akimaanisha makao aliyoyaasisi yeye: mwenzi wake, watoto wake, mlango anaoufunga usiku. Akiulizwa alikozaliwa, hasemi "kwangu". Husema "kwetu", hata ikiwa wazazi wamekufa na yeye ni mwana wa pekee. Kinachobadilika katika maneno hayo mawili ni mwenyeji. Makao ya "kwangu" huweza kuvunjika kwa siku moja, kwa talaka au kwa moto. Ya "kwetu" hayana mwenyewe mmoja wa kuyavunja, na kwa sababu hiyo hiyo mtu anaweza kuyafikia na asitambue kuwa amefika. Kikuyu, lugha ya mama ya Ngugi, nacho hupambanua gwakwa na gwitũ kwa namna inayokaribiana sana na hiyo. Kazi tatu zinazohusika ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hutosheka na neno moja kwa maana zote mbili, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya tofauti hii kupita bila kutajwa katika uhakiki.

Mandhari ya kihistoria yafaa kukumbukwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wakazi wa Mkoa wa Kati kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na homugadi. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Wakati huo huo mpango wa Swynnerton wa 1954 uliunganisha mashamba na kuyapima upya, na wengi waliokuwa kizuizini hawakuwapo kutetea mipaka yao. Mfungwa aliyeachiliwa, kwa hiyo, alikuwa akirudi mahali ambapo penyewe palikuwa pamehamishwa. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa makambini au msituni, mikono iliyojenga mahali papya ilikuwa zaidi ya wanawake.

Kamau wa "The Return" anatembea kuelekea nyumbani akiwa na bahasha ndogo ya nguo, na njia nzima anajiona shujaa anayengojewa. Ishara ya kwanza ya kosa lake inatokea mtoni Honia, anapokutana na wanawake wanaoteka maji. Anawafahamu, wao wanamwitikia kwa ubaridi. Mwandishi hafafanui ubaridi huo, na anafanya vyema. Kijiji cha zamani hakipo. Katika kijiji kipya Kamau anawakuta baba na mama yake, na hapo ndipo anapoambiwa: Karanja, hasimu wake wa tangu zamani, alileta habari kwamba Kamau amekufa, Muthoni, mkewe, alisubiri, kisha akaamini, akaondoka na Karanja. Kamau anatoka mbio hadi ukingo wa mto. Bahasha inaponyoka, inatumbukia majini na kuchukuliwa na mkondo pamoja na vitu vya Muthoni alivyokuwa amevitunza kizuizini. Badala ya kujitupa anahisi nafuu, na anajiuliza kwa nini mabadiliko yote hayo yangepaswa kumngojea yeye.

Ukisomwa kwa kigezo cha kwangu na kwetu, mwisho huo unaeleweka zaidi kuliko unavyoeleweka kama ishara ya matumaini tu. Kamau alikwenda kutafuta kwangu. Alichokipata, na ambacho hakukitazama hata mara moja alipokuwa kibandani, ni kwetu: wazazi wawili wazee, hai, wanaomwita kwa jina. Mto Honia, ambao jina lake lina maana ya kuponya, unamnyang'anya mabaki ya kwangu ili aweze kuiona njia ya kurudi kwa wazazi.

Hata hivyo, nafuu hii imepatikana kwa bei nafuu mno. Muthoni hazungumzi popote katika hadithi. Tunamjua kwa maneno ya wakwe zake na kwa vitu vilivyomo ndani ya bahasha, na bahasha inapozama, yeye naye anazama. Hatuambiwi alilala njaa mara ngapi wakati wa kafyu, au nani alimsaidia kukandika nyumba. Kutetea kwamba hadithi ni fupi hakutoshi, maana wale wanawake wa mtoni walipewa nafasi ya kunyamaza kwa namna iliyosema mengi. Muthoni hakupewa hata hiyo. Ikiwa msomaji anabaki na shaka juu ya utulivu wa Kamau, shaka hiyo ina msingi.

Inaelekea Ngugi mwenyewe aliihisi, kwani A Grain of Wheat inarudia mkasa ule ule na kuufungulia mlango wa pili. Gikonyo anarudi Thabai baada ya miaka sita kizuizini. Alikiri kiapo ili apate kumrudia Mumbi, na aibu ya kukiri anarudi nayo. Anamkuta Mumbi amembeba mtoto aliyezaa na Karanja. (Jina la Karanja limehamishwa kutoka hadithini hadi riwayani pamoja na kazi yake, ni nadra mwandishi kuacha mshono wake uonekane hivyo.) Hadi hapo Gikonyo na Kamau ni mtu mmoja. Lakini riwaya haimpi Gikonyo mto wa kumpokonya mzigo wake. Inampa muda wa kuishi nao nyumba moja.

Anachofanya Gikonyo kwa muda huo ni kujenga kwangu upya kwa nguvu zote. Anaacha useremala, anaingia katika biashara ya mahindi na maharagwe, anatajirika, anasimamisha nyumba ambayo Thabai yote inaistahi. Ndani ya nyumba hiyo hamna mazungumzo. Mwenye nyumba hamwulizi mkewe lolote juu ya mtoto, na wakati huo huo mama yake, Wangari, amekwisha kumpokea mtoto huyo kama mjukuu. Tendo la Wangari halijapewa uzito unaostahili. Kwa sheria ya kwangu, mtoto wa Karanja ni mgeni na ni ushahidi wa hatia. Kwa sheria ya kwetu, mtoto aliyezaliwa uani kwa bibi ni wa bibi. Gikonyo anapoinua mkono kumpiga Mumbi, Wangari anasimama upande wa mkaza mwana, kinyume cha mwanawe wa kumzaa. Huu ndio wakati ambapo Gikonyo yu karibu zaidi na nyumbani katika riwaya nzima, na hajui.

Isitoshe, Mumbi anapewa kauli. Anamsimulia Mugo jinsi yeye na Wangari walivyojenga vibanda vipya baada ya vya zamani kuchomwa, jinsi handaki lilivyochimbwa chini ya mijeledi, jinsi njaa ilivyoingia, na jinsi alivyomkataa Karanja kwa miaka hadi siku aliyoletewa habari kwamba Gikonyo anarudi. Alianguka katika mkanganyiko wa furaha ya habari hiyo hiyo. Ni kinaya kichungu. Simulizi hii inaondoa dhana iliyotawala "The Return", kwamba nyumbani ni kitu kilichosimama kikimngojea mwanamume. Kulikuwako watu waliokuwa wakikijenga kitu hicho kila siku kwa mikono, na mkosaji wa riwaya ni mmoja wao. Lawama moja ingali palepale: Mumbi anayasema haya kwa Mugo. Gikonyo, ambaye ndiye aliyestahili kuyasikia, hayasikii.

Kitabu cha 2012 kinamulika mambo haya kutoka upande usiotarajiwa. Anayerudi huko hatoki kizuizini. Ni Ngugi mwenyewe, mwanafunzi wa Alliance, akirejea Limuru Aprili 1955 baada ya muhula wake wa kwanza, na kukuta mabaki ya kuta za udongo mahali palipokuwa boma lao. Mshtuko ambao wasomaji waliuzoea kama wa mfungwa ulikuwa kwanza wa kijana wa shule. Kijana hana mke, wala deni la kudai. Hana kwangu ya kupoteza. Anaelekezwa Kamirithu, anawakuta watu wake wakihangaika na ujenzi, na mahali pake miongoni mwao hapahitaji kuthibitishwa kwa hoja. Kinachomtaabisha kinakuja baadaye: kurudi shuleni, ambako ana kitanda na chakula, huku nyuma wakibaki wanaochimba na kulindwa kwa bunduki. Suala la nani ni wa wapi limegeuzwa. Kamau alishuku kwamba kwao hawamhitaji tena. Mwanafunzi huyu anashuku kwamba yeye ndiye anayewaacha.

Kwa mwanga huo, sura ya mwisho ya A Grain of Wheat yafaa kusomwa upya. Gikonyo yuko hospitalini, amevunjika mkono. Anafikiria kuchonga kigoda kama zawadi kwa Mumbi: mwanamume na mwanamke, na mtoto kati yao anayeunganisha mikono yao. Kwa mara ya kwanza anauliza habari za mtoto. Wahakiki waliopenda kuuona mwisho huu kama upatanisho uliokamilika wamemsikiliza Gikonyo kuliko Mumbi, ambaye anakataa yaliyopita yafutwe kwa sentensi moja na kudai wazungumze kwanza kwa kina. Kisha anaondoka kwenda kumtazama mwanawe. Gikonyo anabaki kitandani akibadilisha umbo la mwanamke wa kigodani, amfanye mjamzito. Mkono wake ungali haujapona, na mti wenyewe haujakatwa.