Ng'ombe Kisimani: Zuhudi na Mali katika Al-Inkishafi kwa Msomaji wa Nyanda za Kati

1.0 Utangulizi

Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, limezoeleka kuhakikiwa kama ombolezo la mji ulioanguka. Tangu tafsiri ya W. E. Taylor ilipotokea katika kitabu cha C. H. Stigand mwaka 1915, na hasa baada ya toleo la William Hichens la mwaka 1939, wahakiki wamevutwa na beti za magofu: majumba yaliyong'aa kwa taa za kioo na shaba, na zidaka za sahani za kaure zilizogeuka viota vya ndege. Usomaji huo una mashiko, kwa kuwa Pate ya mshairi ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu zake za kibiashara na kisiasa. Hata hivyo, umelifanya shairi lionekane kuwa mali ya mwambao peke yake, na umezifunika tashbihi za ulimwengu zinazozitangulia beti hizo. Makala haya yanadai kuwa hoja ya shairi kuhusu zuhudi imejengwa katika tashbihi hizo, na kwamba mojawapo, ile ya kisima na ng'ombe, hupata uzito wa pekee inaposomwa kutoka Dodoma na nyanda za kati za Tanzania.

2.0 Zuhudi, ufakiri na utawa

Kabla ya kuzitazama tashbihi, ni muhimu kutenganisha istilahi tatu zinazochanganywa mara kwa mara. Katika Ihya Ulum al-Din, Al-Ghazali aliviweka ufakiri na zuhudi katika kitabu kimoja, lakini alivipambanua. Ufakiri ni kukikosa kitu kinachohitajiwa. Zuhudi ni moyo kukigeukia mgongo kitu ambacho mtu angeweza kukipata, kwa kutaka kilicho bora zaidi. Ndiyo maana hupokewa masimulizi kuwa Ibn al-Mubarak, alipoitwa zahidi, alikataa sifa hiyo na kusema kuwa zahidi ni Umar bin Abd al-Aziz, ambaye dunia ilimjia naye akaiacha. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Hadid (57:23), hailaani kumiliki. Inaonya dhidi ya kuhuzunikia kilichopotea na kujigamba kwa kilichopatikana. Sura ya Al-Qasas (28:77) inamkumbusha mtu asiisahau sehemu yake ya dunia.

Kiswahili cha leo kinaleta utata. Neno "utawa", linalotumiwa sana kufasiri zuhudi, limehusishwa katika bara la Tanzania na maisha ya mashirika ya kitawa ya Kikatoliki. Kwa mwanafunzi wa Dodoma, "mtawa" ni bruda au sista aliyeweka nadhiri ya ufukara. Akiingia katika Al-Inkishafi na picha hiyo, atatarajia shairi linalosifu kutokuwa na kitu. Hatalipata. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, na mifano anayoupa ni ya wenye nacho.

3.0 Tashbihi za ulimwengu

Ulimwengu unafananishwa, miongoni mwa mengine, na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, kisima kinacholindwa kwa pembe za ng'ombe, vumbi lionekanalo katika mwale wa jua, na mazigazi yamwitayo mwenye kiu. Mbili za mwisho zina msingi mmoja wa kimantiki: mtu ananyoosha mkono au anakimbilia maji, kisha anakuta hakuna kitu. Mazigazi yana mwangwi wa wazi wa Sura ya An-Nur (24:39), ambamo mwenye kiu huyadhani kuwa maji. Tukiishia hapo, tutahitimisha kuwa kwa mshairi dunia ni kiinimacho.

Kisima kinapinga hitimisho hilo, kwa kuwa maji yamo. Anayekisogelea hupigwa pembe, naye haondoki akiwa amekunywa. Ulinganisho na Sura ya Al-Hajj (22:45) unasaidia. Huko, kisima kilichoachwa kinatajwa pamoja na kasri refu kama ushahidi wa watu walioangamia. Kisima kimebaki, wenyewe hawapo. Katika Al-Inkishafi mnywaji yupo, maji yapo, na kizuizi ni kiumbe hai.

Ni kiumbe gani? Kwa msomaji wa mwambao, ng'ombe huyo anaweza kuwa hatari tu, kama matumbawe yalivyo hatari kwa chombo. Katika Ugogo na Kondoa, ng'ombe ndiye mali: ndiye mahari, ndiye akiba ya mwaka wa njaa, ndiye heshima ya mwenye kaya. Kiangazi, maji yanapotafutwa kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka, mifugo na watu hukihitaji kisima kilekile. Kwa jicho hilo, tashbihi inageuka: kinachomzuia mtu kunywa ni mali yenyewe. Alichokikusanya ili kimtoe katika uhitaji ndicho kinachosimama kati yake na haja yake. Huu ndio ufafanuzi wa Al-Ghazali katika umbo la picha, na ndio unaoziandaa beti za magofu. Wakubwa wa Pate hawakuangamia kwa kukosa, walikuwa kisimani.

4.0 Mipaka ya usomaji huu

Inaweza kupingwa kwamba maana hii inapachikwa kutoka nje, kwani mshairi hakuwa mfugaji wa bara. Pingamizi hilo lina uzito iwapo inadaiwa kuwa hiyo ndiyo nia yake. Dai hapa ni dogo zaidi: matini inairuhusu maana hii, na mantiki ya shairi inaihitaji, maana bila kisima zuhudi ingebaki kuwa kukataa kisichokuwapo.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Nyanda za kati zinakumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyofuata majeshi ya Kijerumani na ya Kiingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Wagogo, kisha ukame. Aliyenyang'anywa ng'ombe hakuwa zahidi. Kumsomea Al-Inkishafi kama nasaha ya kuridhika ni kuligeuza shairi liwe wakili wa mnyang'anyi. Shairi lenyewe halimpi mhakiki ruhusa hiyo, kwa kuwa halimhutubii asiye na kitu. Hata hivyo, lina pengo lake: linawaorodhesha wenye majumba na kunyamaza kuhusu watumwa waliozibeba taa na sahani hizo. Kisima chake kina ng'ombe na mwenye kiu, lakini halisemi ng'ombe ni wa nani.

5.0 Hitimisho

Ufundishaji wa Al-Inkishafi katika vyuo vya bara hauna budi kuanza na tofauti kati ya kuacha na kukoseshwa. Zuhudi ya shairi hili ni hukumu anayojitolea mwenye nacho. Swali la umilikaji wa yule ng'ombe limebaki wazi katika matini, na ni haki ya msomaji wa Kondoa au Mpwapwa kuliuliza kabla ya kuambiwa aridhike.