Mshahara Sifuri, Gawio Lote: Hesabu Iliyoanzia Mkiani

Mstari wenyewe ni mfupi. Katika kumbukumbu za kikao cha wakurugenzi cha Januari, kampuni ndogo ya uchukuzi ya Changamwe, yenye malori matatu, iliandika: mshahara wa mkurugenzi, sifuri, faida yote itolewe kama gawio mwisho wa mwaka, kwa kuwa gawio hukatwa asilimia 5 tu. Nimelisoma faili hilo mwanzo hadi mwisho. Mhasibu aliyetoa ushauri ule alikosea, tena mahali ambapo mtu wa kazi hiyo hana ruhusa ya kukosea.

Kazi yake nyingine ni safi: VAT imelipwa kabla ya tarehe 20 kila mwezi, ankara za eTIMS zimetimia, vitabu vinakubaliana na taarifa za benki.

Sasa hiyo asilimia 5. Haikatwi kwenye faida, hukatwa kwenye kilichobaki baada ya kampuni kulipa asilimia 30 yake. Mshahara ni gharama, unatoka kabla kodi ya kampuni haijapigwa. Gawio si gharama, linatoka baada ya kodi. Kila msomaji wa safu hii anayajua haya, na ndiyo maana nashangaa kumwona mtu aliyesomea kazi hii akiweka 5 upande mmoja na 30 upande wa pili kana kwamba zinapimwa kwenye kiwango kimoja. Chukua faida ya shilingi 100. Kampuni inalipa 30, zinabaki 70. Asilimia 5 ya 70 ni 3.50. Mwenye mali anapata 66.50, na serikali imechukua 33.50. Hiyo 33.5 ndiyo kodi ya gawio kwa Mkenya mwenye kampuni yake mwenyewe.

Kampuni ile ilikuwa na faida ya 3,600,000 kwa mwaka kabla mwenyewe hajajilipa, yaani 300,000 kwa mwezi. Tuchukulie kwanza kwamba hisa zote ni zake. Kwa njia ya gawio, kodi ya kampuni ni 1,080,000, zinabaki 2,520,000. Kodi ya zuio ni 126,000. Mkononi zinafika 2,394,000. Kwa njia ya mshahara, pesa zilezile 300,000 za mwezi zinabeba pia ushuru wa nyumba wa mwajiri na mchango wake wa NSSF, kwa hiyo mshahara wenyewe unakuwa kama 291,300. Kwa viwango vya NSSF vya mwaka 2025, toa 4,320 za NSSF, SHIF ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, kisha PAYE baada ya kuondoa nafuu ya 2,400, nikiiacha ile hamsini ya NITA. Mkononi zinabaki karibu 199,800 kwa mwezi, kama 2,398,000 kwa mwaka.

Soma tena tarakimu hizo mbili: 2,394,000 na 2,398,000. Uamuzi uliopigiwa kura ili kuokoa kodi haukuokoa hata shilingi moja. Na upande wa mshahara una 103,680 nyingine zilizolala NSSF kwa jina lake, jumla ya mchango wake na wa kampuni, pamoja na SHIF iliyolipwa sawasawa. Kwenye gawio hana akiba hiyo, na SHIF bado inamngoja, kwa sababu asiye na mshahara hupimwa kwa kipato cha nyumba yake kwa kiwango kilekile cha 2.75.

Wapo watakaosema nimechagua kiasi kinachonifaa. Basi tutazame shilingi ya juu kabisa peke yake. Katika ngazi ya asilimia 30, inayokwenda hadi 500,000 kwa mwezi, ukijumlisha SHIF na ushuru wa nyumba wa pande zote mbili, na ukikumbuka kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo ya mfanyakazi yanatolewa kabla ya kupiga PAYE, mshahara unakatwa karibu 34 kwa kila 100. Gawio ni 33.5. Tofauti ni nusu shilingi kwa mia. Lakini huwezi kufika kwenye shilingi hiyo ya juu bila kupita zile za chini: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, na nafuu ya 2,400 juu yake. Anayejiandikia sifuri anazitupa ngazi hizo zote. Gawio linaanza kuwa na hoja ya kodi mtu akivuka 500,000 kwa mwezi, ambako PAYE inakuwa 32.5, na hasa akivuka 800,000, ambako inakuwa 35. Mwenye malori matatu hayuko huko.

Lakini hisa si zake zote. Sifuri ile ilipata ubaya wake wa kweli hapa, na kumbukumbu za kikao hazikutaja neno. Kaka yake, anayeishi Muscat, ana hisa 10 kati ya 100. Gawio halichagui nani aliamka saa kumi usiku kungojea kontena bandarini, linafuata hisa. Kwa hiyo katika zile 2,520,000, kaka anadai 252,000, na kwa kuwa si mkaazi wa Kenya kodi ya zuio kwake ni asilimia 15. Mwenye kampuni anabaki na asilimia 90, ambayo baada ya zuio la asilimia 5 ni 2,154,600. Ukilinganisha na njia ya mshahara, amejipunguzia zaidi ya 240,000 kwa mwaka mmoja. Kaka mtu anastahili gawio la mtaji wake, sina neno juu ya hilo. Hastahili malipo ya kazi ya mwenzake, na mshahara ndio unaotenganisha hayo mawili.

Kisha kuna akaunti ya mkurugenzi. Mtu hali mwisho wa mwaka. Alipoambiwa hana mshahara, alianza kuchota. Leja inasomeka hivi: Februari, karo, 120,000. Aprili, mabati ya nyumba ya mama, 85,000. Juni, harusi, 300,000. Inaendelea hivyo hadi Desemba, jumla 1,944,000, na hakuna azimio la gawio la muda hata moja. Pesa hizo ni nini mbele ya sheria? KRA inaweza kuzisoma kama malipo ya kazi, na hapo inataka PAYE ya kila tarehe 9 iliyopita, pamoja na adhabu ya asilimia 25 ya kodi hiyo au 10,000, ile iliyo kubwa, kwa kutowasilisha. Inaweza kuzisoma kama mkopo usio na riba kwa mkurugenzi, nao unatozwa kodi ya marupurupu ya mkopo, asilimia 30 ya riba aliyosamehewa. Au iseme ni gawio lililotoka kwa mlango wa nyuma, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 kodi ya zuio ilipaswa kufika ndani ya siku tano za kazi. Wengi wanadhani mwenye kampuni ana uhuru wa kuzipa pesa hizo jina analolitaka mwezi wa Desemba. Hana. Isitoshe, Sheria ya Makampuni ya 2015 hairuhusu gawio ila kutokana na faida iliyopo. Lori moja likipinduka Mariakani mwezi wa Oktoba na faida ikayeyuka, kilichochotwa tangu Februari kinageuka deni.

Nimewahi kuandika hapa, na nitaandika tena, kwamba ushauri huu unatoka Uingereza. Vijana wetu wanatazama video za wahasibu wa London na kuzileta Mombasa kama zilivyo. Kule mshahara mdogo na gawio kubwa vina mantiki yake: mwajiri anatozwa National Insurance, ambayo tangu Aprili 2025 ni asilimia 15, na gawio haliguswi na mchango huo, kampuni yenye faida ndogo nayo hulipa asilimia 19. Hata huko nafuu imepungua tangu fidia ya kodi ya gawio ilipofutwa mwaka 2016. Sisi hatuna National Insurance, na kiwango cha kawaida cha kodi ya kampuni zetu ni 30 hata kama faida ni ya kibanda. Ng'ambo ya Namanga hesabu ni mbaya zaidi: kodi ya zuio kwa gawio la kampuni isiyo kwenye soko la hisa ni asilimia 10, kwa hiyo jumla ni 37, wakati PAYE ya Tanzania inakomea 30.

Na Hazina haijasaidia. Nafuu ya 2,400 haijasogea tangu Aprili 2020, huku ngazi za juu zikiongezwa na ushuru wa nyumba ukirudishwa Machi 2024 baada ya mahakama kuukataa. Ukimbana mwenye mshahara hivyo, atasikiliza yeyote anayemwambia kuna mlango wa asilimia 5.

Wakaguzi wa zamani wa Mombasa, waliopeleka ritani kwa mkono kabla ya iTax, wasingeuandika mstari ule. Waliijua Sura ya 470, Sheria ya Kodi ya Mapato, tangu ilipoanza kutumika Januari 1974, Kibaki akiwa Hazina, na utaratibu wao haukubadilika: kwanza mshahara wa mkurugenzi unaolingana na kazi anayofanya, kwa azimio lenye saini, mwisho wa mwaka bonasi, ikiwa mwaka umekuwa mzuri, gawio baadaye, kwa wenye hisa wote, siku moja. Walikuwa wakali kwa akaunti ya mkurugenzi kuliko kwa kitabu kingine chochote. Walikataa kutia saini hesabu zenye deni la mwenye kampuni lisilo na maelezo, na wateja waliwanunia, kisha wakarudi mwaka uliofuata.

Kampuni ya Changamwe bado inaweza kurekebisha mambo kuanzia mwezi ujao kwa azimio la mshahara na PAYE ya kawaida. Mwaka uliopita ni mgumu zaidi. Mhasibu anataka zile 1,944,000 zote ziandikwe kuwa gawio ili faili lifungwe. Akifanya hivyo, mwenye kampuni atakuwa amepokea sehemu ya asilimia 90, na kampuni itadaiwa na kaka aliye Muscat 216,000 siku hiyohiyo, ambapo 32,400 ni za KRA. Pesa hizo hazimo benki. Zililipa karo mwezi wa Februari.