Heko kwa Wachonga Mbao wa Alice

Sifa za Alice's Adventures in Wonderland, kitabu cha mwaka 1865, humwendea Lewis Carroll kwa michezo yake ya maneno na John Tenniel kwa michoro 42. Mimi nawapa heko ndugu wa Dalziel wa London. Wao ndio waliochonga michoro hiyo kwenye mbao ngumu, kinyumenyume, wakiacha kila unyoya wa sungura umesimama ili ushike wino. Mkono ungeteleza, mstari umekwenda!

Na wapanga herufi je? Shairi la panya walilipinda likawa mkia, herufi zikipungua hadi nchani. Utundu mtamu ulioje!

Mbao zenyewe ziligunduliwa mwaka 1985 katika hifadhi ya benki. Kufikia hapo, wasomaji wa Kiswahili walikuwa wameshampata Elisi wao, yaani Alice wa tafsiri, tangu 1940.