Nani Alimzalisha Nani?

Kitenzi "kuzalisha" kinafanya kazi ya watu watatu. Muuguzi wa zamu pale Homa Bay anamzalisha mama saa nane usiku. Kiwanda cha Sony pale Awendo kinazalisha sukari. Halafu kuna jamaa fulani ambaye, ukiuliza mtaani, "alimzalisha msichana wa watu akapotea". Muuguzi, kiwanda na jamaa aliyepotea, wote wamepewa kitenzi kimoja, na kile kimkia cha kusababisha, -ish-, hakitofautishi aliyebaki chumbani na aliyetoroka.

Niliacha chuo mwaka wa pili na mengi ya isimu yameshanitoka, lakini viambishi vilibaki. Nikisoma habari kutoka Migori na Homa Bay, naona viambishi ndivyo vinabeba siasa yote. Maneno yenyewe tunayajua tangu utotoni, ni hiyo mikia hatuiangalii.

Chukua vichwa vya habari vya kila Januari shule zikifunguliwa. Wasichana kadhaa "wapachikwa mimba", ama "watungwa mimba". Kupachika ni kubandika kitu mahali. Unapachika balbu, unapachika picha ukutani. Ukiongeza -w- ya kutendwa, sentensi inasimama vizuri kabisa bila mtu aliyefanya. Kiswahili kinaruhusu kumtaja baadaye kwa "na": apachikwa mimba na nani? Lakini habari kwa kawaida huisha kabla ya hiyo "na". Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na pia Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 15. Kipimo chenyewe kinahesabu wasichana. Aliyepachika hana safu kwenye jedwali. Na sisi wa Sheng tusijifanye wasafi: "ako na ball", tunasema. Mpira uko, ila hakuna aliyeupiga.

Sasa linganisha na "kujifungua". Hiki ndicho kitenzi ninachokipenda kuliko vyote. Fungua, halafu -ji-. Mwanamke ndiye fundo na ndiye mkono unaolifungua. Ukivuka Isebania ukaingia Sirari utaona Watanzania wengi wanakichagua kwa adabu, kwamba kusema fulani "amezaa" ni kavu mno. Upande wetu "amezaa" inapita tu, au "amepata mtoto", na hakuna anayekunja uso.

Lakini hata hiyo -ji- ina mtego. Ikishasema alijifungua mwenyewe, kila mtu mwingine ameruhusiwa kutokuwepo. "Ajifungua njiani." Soma tena, utadhani ni uamuzi alioufanya, kama mtu aliyeamua kunywa chai njiani. Ambulensi haimo kwenye sentensi, wala barabara, wala lile boti analohitaji mama wa Mfangano akiambiwa lazima apelekwe Mbita ama Homa Bay mjini.

Hapo Dholuo kimetushinda, na nasema hivi kama mtu anayeandika Kiswahili kwa kipato. Mjaluo aliyezaliwa njiani anaitwa Oyoo, akiwa msichana Ayoo, kwa sababu yoo ni njia. Aliyetoka na kitovu kimemzunguka shingo ni Owino. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Na kuna Owiti na Awiti, jina la "kutupwa", ambalo kimila alipewa mtoto aliyefuata wengine waliokufa, ili kifo kidhani huyu hatakiwi na kimpite. Sisi wa mjini tunayatumia majina haya kama sauti nzuri tu za kuita watu kwenye grupu ya WhatsApp. Ukweli ni kwamba kitambulisho cha Ayoo kina rekodi ya afya ya uzazi ambayo hakuna kichwa cha habari kimewahi kuiweka hivyo: barabara imo ndani ya jina, na itakuwemo mpaka azeeke. Hata uchungu wenyewe wanausema wazi zaidi. Kwao leba inamuuma mwanamke, kwa maana ya meno: muoch kayo.

Basi hawa wanasiasa nao. Kwenye majukwaa kila kitu kinazaliwa. Katiba ilizaliwa 2010, kaunti zikazaliwa 2013, miradi inazaa matunda, na mambo yakichelewa tunaambiwa nchi ina uchungu wa uzazi. Uzazi huu wa majukwaani hauna damu. Haujawahi kuwa na mshono wala kondo la nyuma lililokwama, na mama hafi hata siku moja. Wakati huohuo, Umoja wa Mataifa kupitia UNFPA ulipoorodhesha kaunti 15 zenye mzigo mkubwa wa vifo vya akina mama mwaka 2014, Migori na Homa Bay zote zilikuwemo. Sina ugomvi na sitiari. Nina ugomvi na sitiari inayochukua mtoto na kumwacha mama kwenye kitanda.

Na usidhani hili ni jambo la maneno matupu. Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Baadaye mpango ukaitwa Linda Mama, jina fupi, kitenzi cha amri na mtu wa kulindwa. SHA ilipoanza Oktoba 2024, Linda Mama ikageuzwa Linda Jamii. Jina ni pana zaidi na linapendeza kwenye bango, sawa, ila mama ameondoka. Na jamii si neno la mapambo hapa, kwa sababu bima sasa inasajili na kuchangisha kwa kaya. Zamani mja mzito alisajiliwa kwa sababu ya mimba yake. Sasa msichana wa miaka 16 kule Nyatike, aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya hiyohiyo mimba, ahesabiwe kwa jamii ipi?

Pwani, "mzazi" huweza kuwa mwanamke aliyetoka tu kujifungua, ambaye bado anakandwa na kupikiwa uji. Huku kwetu mzazi ni yule wa kwenye fomu: jina la mzazi ama mlezi, nambari ya simu, sahihi. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu msichana huyu arudi darasani. Anaenda, mtoto amebaki na nyanyake. Anapewa fomu, anafika kwenye mstari wa mzazi, na anaandika jina la mamake.