Sinki Jeusi Lililoota Mba

Wiki ya tatu tangu sinki lifungwe, mama mwenye nyumba alinipigia simu kutoka Garsen. “Mwanangu, hili sinki lenu limeota mba. Njoo ulitazame.”

Nilipofika nikaona hakukosea. Lilikuwa sinki jeusi tititi, la kauri isiyong'aa, lililosafiri kwa basi kutoka Mombasa likiwa limevishwa kipande cha godoro kuukuu. Sasa lilikuwa na madoa meupe tangu ukingoni hadi kwenye tundu la kutolea maji. Bintiye aliyeko Nairobi ndiye aliyelichagua, kwa picha ya simu, na bafu la picha ile nadhani halijawahi kuonja tone la maji. Lakini kosa sikumwachia binti. Lilikuwa langu mimi niliyepanga bafu: nilianza na rangi kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi.

Garsen maji huja kwa njia mbili. Kuna Mto Tana, ambao mvua zikinyesha huko juu, Aberdare na Mlima Kenya, hufika huku ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo uliozolewa njia nzima ya karibu kilomita 1,000. Kuna na visima. Maji ya kisima ni meupe, yanapendeza kwenye glasi, ila visima vingi vya huku vina chumvi. Nyumba hii siku nyingi hutumia tangi la kisima. Pampu ikigoma, punda huleta mitungi ya maji ya mtoni.

Sinki jeupe huficha habari za kisima na kutangaza za mto: mstari wa udongo huonekana kabla hujafunga mfereji. Jeusi ni kinyume chake. Udongo mwembamba ukiwa bado na unyevu hauonekani sana, lakini tone la maji ya kisima likikauka huacha duara jeupe ambalo hata mgeni ataliona akiwa mlangoni. Anayenunua sinki jeusi anafaa kujua kwamba amenunua ubao wa darasani, na maji ndiyo chaki.

Tena chaki hiyo ni ya aina mbili, na dawa zake hazifanani. Chukua kitambaa kilicholoa maji safi, upanguse doa. Likitoka, hiyo ilikuwa chumvi ya kawaida, basi. Likibaki, hiyo ni chokaa: maji yalipokauka yaliacha kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye jiwe la matumbawe. Chokaa haiogopi maji wala sabuni. Inaogopa asidi. Tulikata ndimu, tukasugua, tukangoja dakika chache, na doa likaachia kwa povu dogo sana ambalo ukisogeza sikio utalisikia. Suuza upesi, kwa sababu ndimu haichagui: saruji iliyo kati ya vigae nayo ina chokaa, na ukiizoesha siki au ndimu itaanza kumomonyoka. Na siku ya siki au ndimu, Jik ikae mbali kabisa. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo halina pa kukimbilia.

Hata hivyo hakuna mtu wa kusugua sinki kwa ndimu kila siku. Ilibidi tupunguze matone yenyewe. Mfereji ulikuwa mrefu, wa mtindo wa hoteli, maji yanaanguka kutoka juu na kuruka hadi kwenye kioo. Tukaweka mfupi, mdomo wake ukielekea tunduni. Tena nyumba hii ni ya watu wa swala, na sinki hutumika kutawadha mara tano kwa siku. Mtu akiosha mikono hadi viwikoni humwaga maji kulia na kushoto, na akifika miguuni huinua mguu mmoja hadi kwenye sinki huku ameshika ukuta. Binti hakuliwaza hilo, wala aliyepiga picha ile. Tukajenga kiti kifupi cha saruji pembeni, na mfereji wa pili usawa wa goti. Kazi ya siku moja, na nusu ya madoa ikaisha.

Ndipo tukageukia rangi. Fundi alitaka kufuatisha: ukuta mweusi, mfereji mweusi, na grauti nyeusi. Nilikataa. Chumba ni mita 1.8 kwa 2.4 na dirisha lake halizidi ukubwa wa sinia. Ukuta mweupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoupiga; mweusi haufikishi hata 10. Chumba kingekuwa pango, tena pango la madoa. Kuta tukazipa rangi ya ganda la yai, na sakafu rangi ya udongo wa Tana uliokauka, kigae kisichoteleza, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Grauti ni ya kijivu. Nyeupe ingechafuka kwa vumbi, nyeusi ingetoa mba vilevile. Weusi wa sinki tuliurudia mahali pawili tu, fremu ya kioo na kulabu ya taulo, ili lisionekane kama limepotea njia. Taulo zenyewe zimo kwenye kikapu cha miyaa kilichosukwa papo hapo Garsen, na kwa macho yangu ndicho kitu kizuri kuliko vyote humo ndani.

Kioo nacho kilihama. Mwanzo kilitazamana na dirisha, na jua la asubuhi likawa linarudi moja kwa moja kwenye sinki na kuhesabu kila doa. Kwenye ukuta wa ubavuni mwanga hufika umepoa.

Mafundi wa zamani wa pwani hii walikwenda njia nyingine. Kwenye nyumba za mawe za Lamu bado utaona vyoo vilivyopakwa niru nyeupe, na birika ambalo sakafuni mwake limepachikwa bakuli la kauri la Kichina. Humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mimi huona na faida ya pili: kauri nyeupe chini ya maji humwambia mwenye nyumba mara moja yamechafuka kiasi gani. Giza waliliacha kwa mbao na boriti, vitu visivyolowa kila saa. Ningeuliza habari za maji mapema, ningeshauri hivyo hivyo.

Lakini sinki lilikuwa limeshanunuliwa, na mama amelizoea. Nusu ya ndimu hukaa kwenye kisahani karibu na kioo, ya kila Ijumaa asubuhi. Juzi alinipigia tena: pampu imekufa, wanatumia maji ya mitungi, na sinki limezungukwa na utepe wa kahawia.

“Hiyo ni Tana, mama,” nikamwambia.

“Naijua,” akanijibu. “Hiyo hutoka kwa kitambaa.”