Sikio Kabla ya Daftari: Tafakuri ya Mwanafunzi na Ushairi wa Darasani, Masasi na Newala

Ufundishaji wa ushairi wa Kiswahili katika shule za sekondari nchini Tanzania umezoea kuanzia kwenye maandishi. Mwanafunzi anayesoma diwani kama Wasakatonge au Malenga Wapya huelekezwa kuorodhesha dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo, kisha vina na mizani. Orodha hiyo humsaidia kujibu mtihani. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba, kwa mwanafunzi wa Newala juu ya uwanda wa Makonde, na wa Masasi chini yake, mpangilio huo unapuuza maarifa ya ushairi anayotoka nayo nyumbani, na hivyo kumnyima tafakuri iliyo yake.

Maarifa hayo yana ushahidi wa zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alipita Masasi na Newala akinasa nyimbo za wenyeji kwa fonografu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Humo tunakutana na tungo fupi ambamo kiongozi hutoa mstari na kundi huitikia, tena na tena. Mstari huo mmoja hauchoshi, kwa sababu kila mwitikio huwapa waimbaji nafasi ya kuuzoea na kuupima. Vivyo hivyo, katika jando na unyago mwari huimba kwanza, na maana humjia kadiri anavyofundwa. Darasani utaratibu umepinduliwa: maana huandikwa ubaoni kabla sauti haijasikika.

Hasara yake huonekana hata katika mizani, sehemu inayodhaniwa kuwa ya hesabu tupu. Mwanafunzi anayehesabu kwa jicho hana njia ya kueleza kwa nini «m» ya «mtoto» ni mizani kamili ilhali ile ya «mbuzi» siyo, au kwa nini «nchi» ina mizani mbili na «ndege» nayo mbili. Akighani, jibu analipata kinywani mwake: «m-to-to», «mbu-zi», «n-chi», «nde-ge». Aliyelelewa katika Kimakonde, Kimakua au Kiyao ana sikio lililokwisha kunolewa na lugha nyingine ya Kibantu. Sikio hilo ni mtaji wa somo la Kiswahili, wala si kikwazo chake.

Pingamizi moja lina uzito. Baadhi ya nyimbo za unyago ni siri ya waliofundwa, na mwalimu hana ruhusa ya kuzileta mbele ya darasa lenye wavulana na wasichana. Pingamizi hili ni la haki, lakini linahusu nyimbo zenyewe. Njia ya kujifunza, yaani kuimba, kuitikia, kurudia na ndipo kuuliza, haina mwiko.

Kwa hiyo, shairi lighaniwe na darasa zima kabla ya kuchambuliwa. Kisha kila mwanafunzi aandike aya moja: mstari upi umemkaa sikioni, na kwa nini. Aya hiyo itangulie vitabu vya uhakiki, ambavyo majibu yake hukaririwa na kurudishwa kwa msahihishaji vilevile yalivyo. Mwanafunzi atakayeanza hivyo bado ataweza kutaja dhamira. Tofauti ni kwamba atakuwa ameifikia mwenyewe.