Maksai Aliyefundwa, Kabla Hujatoa Hela

Mnadani Mhunze, wilayani Kishapu, mnunuzi mgeni utamjua kwa macho yake: yanatua kwenye nundu na mapaja. Kwa ng'ombe wa kuchinja hapo ndipo pa kutazama. Maksai wa kulima ni habari nyingine, kwa sababu unachonunua ni mafunzo, na mafunzo hayaonekani ukiwa umeegemea uzio. Wenye hela ya duara, mashimo ya dhahabu, kutoka Geita ndio huliwa zaidi hapa. Wana haraka, na dalali anajua mnyama mkubwa hujiuza mwenyewe.

Salimia kwanza, mwangaluka ya Kisukuma haina bei, kisha mwombe mwenye mali aifunge jozi nira palepale. Aliyefundwa husogea, huinamisha shingo na kutulia wakati mtu mmoja anakaza kamba chini ya koo. Akihitaji wanaume watatu na mkia kukunjwa, huyo bado ni dume la porini, hata kama amehasiwa. Nira ikishakaa, usikimbilie kusema twende. Piga soga na muuzaji huku ukiwatupia jicho. Kuvuta hujifunza karibu kila ng'ombe, ukimfunga gogo kwa wiki chache kabla ya plau. Kusimama bila kuamriwa tena ndiko kunakoonyesha mfundishaji alikuwa mtu wa namna gani, maana hakuna fimbo inayofundisha kutulia.

Kisha soma ngozi. Pitisha kiganja mbele ya nundu, mahali mti wa nira unapokaa. Ngozi iliyokomaa na kuwa ngumu kidogo ni dalili njema: amefanya kazi. Kovu lenye mabonde au kidonda kibichi maana yake nira ilikuwa mbovu, na mnyama anayeumia shingoni hujifunza kurudi nyuma. Hamia mbavuni. Michirizi mingi ya fimbo wengine huiita ukali wa kazi. Mimi naiita uvivu wa fundi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini hata bila sheria, maksai wa fimbo hulima vizuri siku ile tu fimbo ipo. Inua mkono ghafla karibu na uso wake. Akiruka, umepata historia yake yote.

Ukipata nafasi ya kuwaona shambani, tazama ni watu wangapi wanahitajika. Jozi changa hutaka mtoto wa kuongoza mbele, mwingine wa kuswaga na mtu mzima kwenye plau. Jozi iliyoiva humtii mshika plau peke yake, kwa sauti na kwa majina yao. Kipimo kiko mwisho wa mtaro: wanageuka bila kuruka mnyororo, na wa ndani anapunguza hatua ili mwenzake azunguke. Kwenye luseni, udongo mwepesi wa kichanga, jozi nyingi hupendeza. Mbuga nyeusi ya Kishapu ikilowa huumbua, na wengi huko hufunga jozi mbili. Hapo uliza kama unauziwa ya mbele au ya nyuma. Ya nyuma huenda haijawahi kutafuta njia yenyewe.

Daraja la juu kabisa ni palizi. Safu za pamba zikiwa sentimita 90, nira ya palizi huwa ndefu kiasi cha kumweka kila maksai kwenye nafasi yake, jembe likipita nafasi ya katikati. Bega la mwenzake liko mbali, majani mabichi yako mdomoni, na bado anatakiwa kunyoosha bila kukanyaga. Jozi ya namna hiyo ni adimu. Mwenyewe akiitangaza bei, usibishane sana.

Meno tazama kwa haraka: manane ya mbele yakiwa yamekamilika, ameshapevuka. Wembamba wa Oktoba usikutishe, malisho yameisha kwa kila mtu.

La mwisho kuuliza kabla ya kutoa hela ni upande. Maksai aliyezoea kulia akifungwa kushoto hubabaika, husukumana na mwenzake, na mtaro hupinda. Ukinunua mmoja wa kuziba pengo la aliyekufa, uliza upande kabla ya umri. Muuzaji akijibu "popote anaenda", mwambie amfunge kushoto, kisha kulia, wewe ukiona.